Aliyekuwa Bado Anafikiri

Nchi hii haimo kwenye ramani, na wachache waliokwenda kuitafuta walirudi wakiwa wanachama. Nitasimulia kama nilivyoyapata, bila kutia chumvi, maana nchi yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, basi ailaumu nchi hiyo kwa kufanana, mimi asinihusishe.

Serikali ya huko ilikuwa imeona mbali. Iliona kwamba kilimo kina jua kali, uvuvi una maji mengi na viwanda vina kelele. Ikaamua uchumi wa taifa usitegemee kitu chochote. Ikaundwa Wizara ya Matumaini na Mapato Yajayo, chini ya Wizara likawekwa Shirika la Fursa, na chini ya Shirika wakawekwa wananchi wote, mmoja chini ya mwenzake. Mpango ulikuwa mwepesi, hata mtoto aliuelewa, na ndiyo sababu watu wazima waliona aibu kuuliza. Unajiunga, unapewa mkebe wa buluu uliofungwa, unatafuta watu wawili wakae chini yako, nao wanatafuta wawili wawili, kisha wewe unakaa kitako unangoja mapato yapande yenyewe yakufuate ulipo. Ndani ya mkebe mna nini, hilo halikuandikwa popote. Wengine walisema ni dawa ya kunywa, wengine wakasema ni ya kupaka, na mkuu wa mkoa mmoja alishauri mkebe uwekwe uvunguni mwa kitanda, upande wa miguu.

Ulipofika mwaka wa pili, hapakuwa tena na mtu wa kumtembelea mwenzake bure. Ukialikwa harusini, katikati ya pilau jamaa wa pembeni anakuuliza unajiona wapi baada ya miaka mitano. Ukienda msibani, dua ikiisha tu ndugu wa marehemu wanagawa fomu, kwa kuwa marehemu ameacha nafasi, tena nafasi ya daraja la Shaba. Wizara ilitoa takwimu kuwa majirani wanatembeleana mara saba zaidi ya zamani, ikasema huo ni ushahidi kwamba upendo umerudi.

Fomu ya Shirika ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza ni Ndiyo. Anayesema ndiyo anapewa mkebe, anapigiwa makofi, halafu anaachwa afanye kazi. Cha pili ni Hapana. Anayesema hapana anaandikwa Mvunja Ndoto, na mwanachama haruhusiwi kuzungumza naye maisha yake yote, isipokuwa kumwambia kwamba nyumba yake inaungua. Cha tatu ni Anafikiri.

Hicho cha tatu kina historia yake. Kanuni za Shirika ziliandikwa na wazee saba, na wote saba walikuwa wameoa kwa posa. Katika nchi hiyo barua ya posa haijibiwi siku ileile. Wazazi wa binti husema, tumesikia, tutafikiri, rudini. Anayejibu papo hapo hushukiwa kuwa binti yake ana kasoro anayotaka kuiondoa nyumbani. Basi washenga hurudi mara ya pili na sukari, mara ya tatu na doti ya kanga, na hakuna anayemharakisha mwenzake, kwa sababu mtu anayefikiri ana heshima kuliko mtu aliyekwisha kujibu. Wazee wale walikumbuka jinsi wakwe zao walivyowazungusha, wakaandika Kanuni ya Kumi na Tisa kwa mkono wenye adabu: anayefikiri asisukumwe, asikemewe, na atembelewe angalau mara moja kila juma mpaka atakapojibu. Hakuna aliyekumbuka kuandika mwisho wa kufikiri ni lini.

Bi Sikudhani Mwinjuma alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, karani mstaafu wa mizani kwenye ghala la korosho. Miaka ishirini na minane alisimama mbele ya mizani akiwaambia watu ukweli wasioupenda: gunia lako lina mawe, gunia lako limelowa, rudi nalo. Ni kazi inayompa mtu jicho na kumnyima marafiki. Mumewe alipofariki, nyumba ilikaa kimya kiasi kwamba alikuwa akifungua bomba la maji apate kusikia kitu.

Alikuwa na mtoto mmoja, Mbaraka, aliyekaa mtaa wa tatu kutoka kwake. Mbaraka alikuwa fundi wa majiko ya mkaa, na majiko yake yalisifika kwa kula mkaa kidogo. Alipojiunga na Fursa aliiweka nyundo chini. Alifundishwa kwenye semina kwamba mtu huru hagongi bati. Tangu siku hiyo alikuwa na shughuli nyingi sana, na miezi minne ilipita mama yake hajamwona.

Mwezi wa tano alikuja. Alipiga hodi, akaingia na begi jeusi, akaamkia. Bi Sikudhani hakuuliza kilichomleta. Mgeni haulizwi kabla hajala, sembuse mtoto. Alipika wali na kunde za nazi, akakaa kumtazama akila. Mbaraka alipofika nusu ya sahani akapangusa mdomo, akatoa mkebe wa buluu kwenye begi, akauweka mezani.

“Mama,” alisema, “ndoto zako ni zipi?”

“Nilikuwa na ndoto ya kukuona, na nimekuona. Malizia wali.”

Alipokwenda uani kunawa, Bi Sikudhani aliuchukua ule mkebe. Mkono uliopima korosho miaka ishirini na minane haudanganyiki kirahisi. Akakwaruza rangi ya buluu kwa ukucha, na chini yake akaona jicho la ng'ombe. Ulikuwa mkebe wa maziwa ya unga uliopakwa rangi. Alikuwa na mkebe kama huo jikoni, mtupu, wa kuwekea vifungo. Akamwaga vifungo, akaishusha mizani yake ya shaba aliyozawadiwa siku ya kustaafu, akaweka mikebe miwili, mmoja huku na mmoja kule. Ulimi wa mizani ukasimama katikati, haukutikisika.

Basi alijua. Alijua siku ya kwanza kabisa, kabla ya profesa yeyote. Mbaraka aliporudi, mikebe ilikuwa imekwisha kutenganishwa.

“Unasemaje, Mama?” akauliza, kalamu mkononi.

Neno hapana lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Bi Sikudhani alimtazama mwanawe, akaona shati limedondoka kifungo, akaona amekonda shingo, akajua kuwa akilitamka neno hilo Mbaraka atainuka, atachukua begi, na miezi minne itakuwa maisha. Neno ndiyo nalo lilikuwa na hasara yake. Aliwaona jirani zake waliosema ndiyo. Walipigiwa makofi asubuhi, na jioni hakuna aliyewakumbuka.

“Nitafikiri,” alisema.

Mbaraka hakuhuzunika hata kidogo. Alitia alama kwenye kisanduku cha tatu, akaupuliza wino ukauke. “Basi nitakuja Alhamisi,” alisema, akauacha mkebe mezani. Na kwa mara ya kwanza tangu azikwe mumewe, Bi Sikudhani alikuwa na siku moja ya kuingoja katika juma.

Alifikiri kwa miaka tisa.

Msomaji asimcheke. Kufikiri miaka tisa si kazi ndogo, inataka ustadi. Alhamisi moja aliuliza kama mtu anaweza kupanda daraja akiwa amelala, na jibu lake lilichukua saa mbili. Nyingine alimwomba Mbaraka amchoree upya yale matawi, kwa sababu haoni vizuri, na Mbaraka akachora duara juu ya duara huku anakunywa chai ya tangawizi. Siku za mvua aliuliza maswali mafupi, ili mvua ikatike yeye akiwa bado ana swali refu la akiba. Wakati mwingine, katikati ya maelezo, Mbaraka alisahau na kucheka kama alivyokuwa akicheka zamani, na mama yake alikiweka kicheko hicho moyoni kikamtosha mpaka Jumapili.

Kadiri wengine walivyojiunga, wanaofikiri walipungua, na kadiri walivyopungua ndivyo nyumba ya Bi Sikudhani ilivyojaa. Jumatatu alikuja Bi Chausiku wa nyumba ya pili, mwenzake wa tangu ujana. Hao wawili walikuwa wakisuka ukili pamoja barazani, na walikuwa wameanza mkeka mmoja ambao haukumalizika kwa sababu Bi Chausiku alifikia daraja la Fedha. Sasa alikuja na fomu. Siku moja mazungumzo yaliwachukua wakakumbuka bwana harusi aliyekimbia na viatu vya mkwewe, wakacheka mpaka Bi Chausiku akashika mbavu. Halafu akatazama saa, akajinyoosha kanga.

“Haya mwenzangu,” alisema kwa sauti ya semina, “unajiona wapi baada ya miaka mitano?”

“Hapahapa, nakungoja.”

Bi Chausiku aliinamisha kichwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuandika maneno mawili. Akaandika, bado anafikiri.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera Bi Sikudhani. Alijua mkebe ni mtupu, na alinyamaza. Aliwaona watu wakiuza mbuzi wapate mikebe, akawatilia chai na kuwauliza maswali. Yeye ambaye alimrudisha mkulima na gunia lake kwa sababu ya kilo mbili za mawe, sasa alikuwa na ukweli mzima ndani ya kabati na aliufungia kwa ufunguo kwa sababu aliogopa kukaa peke yake. Aliona haya. Lakini haya humjia mtu mara moja moja, upweke humjia kila jioni, na kamba hukatikia pembamba.

Ndipo ikafanyika sensa.

Sensa iligundua kwamba nchi nzima imejiunga, wakiwemo wafungwa, vichaa na upinzani, isipokuwa mtu mmoja aliyeandikwa Anafikiri. Waziri wa Matumaini na Mapato Yajayo, Mheshimiwa Daktari Makungu Kongamano, aliitisha waandishi wa habari akaeleza kitaalamu. Mapato, alisema, hupanda kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa ya taifa amebaki mtu mmoja. Mtu huyo hajajiunga. Kwa hiyo mapato ya watu wote, yaliyongojwa miaka tisa, yapo tayari, salama kabisa, ila hayana pa kuanzia kupanda.

Siku iliyofuata watu mia tatu walipanga foleni mlangoni kwa Bi Sikudhani. Manispaa ilileta viti na kuweka kibao cha kuonyesha njia. Walikuja na maandazi, na kuku, na wazee wao waliobebwa. Hakuna aliyemkaripia, Kanuni ya Kumi na Tisa ilikuwa bado hai. Walimuuliza tu kwa upole amefikia wapi, wakamtazama kama wakulima wanavyotazama wingu. Kwa siku nne nyumba haikuwa na kimya hata cha dakika moja, na Bi Sikudhani, Mungu amsamehe, alifurahi.

Siku ya tano likatoka Tangazo la Serikali. Kisanduku cha tatu kimefutwa kuanzia Jumamosi saa nne asubuhi. Sababu iliandikwa kwa mstari mmoja: kufikiri kumekamilika kitaifa.

Alhamisi Mbaraka alikuja kama kawaida. Polisi waliizuia foleni kwa heshima yake, kwa kuwa yeye ndiye mshauri rasmi wa mfikiri. Bi Sikudhani alikuwa amepika wali na kunde. Mbaraka alikula polepole, na begi jeusi hakulifungua.

“Mama, Jumamosi utasemaje?”

Bi Sikudhani aliinuka, akafungua kabati, akaishusha mizani mezani. Akaweka mkebe wa buluu upande mmoja na mkebe wa maziwa upande wa pili. Alikuwa ameamua kwamba kama atampoteza mwanawe, basi na ampoteze kwa ukweli.

Mbaraka aliutazama ulimi wa mizani ukisimama katikati.

“Najua, Mama,” alisema.

“Unajua nini?”

“Ule wa kwanza niliufungua. Juma lile lile nililoupata. Nilidhani nimepewa mbovu, nikaenda kubadilisha. Waliokuwa kwenye foleni ya kubadilisha walikuwa wengi, Mama. Kila mtu alikuwa na mkebe wake mkononi, hakuna aliyemtazama mwenzake. Tukarudi nyumbani.”

“Na miaka tisa ukaja kunichorea maduara.”

“Nina watu arobaini chini yangu. Nimewaleta mimi, mmoja mmoja. Nikisimama, watageuka wote wanitazame.” Akasukuma sahani. “Nilikuwa napenda kuja hapa. Kwingine kote wananisikiliza. Wewe unaniuliza kama nimekula.”

Bi Sikudhani alikaa. Alitaka kulia na hakulia, kwa kuwa kulia kungechukua muda, na muda ulikuwa mchache.

“Nikisema hapana?”

“Sitaruhusiwa. Watanipokonya wale arobaini, na watawaambia kwa nini. Na mtaani hakuna atakayekuamkia.”

“Na nikisema ndiyo, utakuja?”

“Ukisema ndiyo tutakuwa timu moja, Mama. Mtu na timu yake hawaachani.” Alisema hivyo akitazama nje, na ilikuwa ni sentensi ya ukurasa wa sita wa kitabu cha semina, lakini Bi Sikudhani aliisikia kama ahadi ya mtoto kwa mzazi wake. Mtu mwenye kiu hapimi maji, hata kama alikuwa karani wa mizani.

Siku ya Jumamosi uwanja ulijaa tangu alfajiri. Kulikuwa na bendi ya polisi, kulikuwa na mahema matatu kwa kufuata madaraja, na hema la nne kwa ajili ya mapato yatakapowasili. Waziri Kongamano alisimama kwenye jukwaa na suti ya buluu ya mkebe.

“Ndugu wapandaji wenzangu,” alisema, “wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tumeinama miaka tisa. Nani kama sisi kwa kuinama? Mataifa jirani yanakuja kujifunza tunavyoinama. Wapo wanaouliza, mapato yako wapi. Nami nawajibu, mtu anayeuliza mapato yako wapi hana imani, na mtu asiye na imani atapataje mapato? Hilo ni jibu la kisayansi. Leo tunaye mama yetu, aliyefikiri kwa niaba ya taifa zima, mpaka sisi wengine hatukulazimika. Namwomba apande atuambie jambo moja tu.”

Bi Sikudhani alipanda. Alivaa kanga zake za kustaafia, na mbele yake aliona nyuso ambazo zote, bila hata moja kukosa, zilikuwa zimewahi kula nyumbani kwake. Alimwona Bi Chausiku. Alimwona Mbaraka amesimama mbele ya wale arobaini, mgongo umenyooka, macho yameganda kwa mama yake kama mtu anayengoja matokeo ya daktari. Ukweli ulikuwa mwepesi kuubeba kuliko gunia lolote alilolipima maishani. Angeutoa kwa maneno matatu, na baada ya maneno hayo matatu asingesemeshwa tena mpaka nyumba iungue.

“Ndiyo,” alisema.

Kipaza sauti hakikuwa kimewashwa, akaombwa arudie. Akarudia.

Makofi yalipigwa kwa dakika kumi na moja. Wizara iliyapima. Bi Sikudhani alivishwa nishani iliyokatwa kwenye bati la mkebe, akatangazwa Msingi wa Taifa, na Mbaraka akapandishwa daraja la Dhahabu na kubebwa juu juu. Kisha watu wote wakageuka kulitazama hema la nne. Walilitazama kwa utulivu mkubwa. Upepo ulipoinua pembe ya hema, wengine walisogea mbele wakaona viti.

Saa sita mchana Waziri alirudi kwenye kipaza sauti, safari hii kikiwa kimewashwa. Alitangaza kwamba Awamu ya Kwanza imekamilika kwa mafanikio yasiyo na mfano, na kwamba mapato, kwa kufuata utaratibu, yatalipwa katika Awamu ya Pili, ambapo kila mwananchi atajiunga upya kwa jina lake la pili, chini ya mtu yeyote atakayemwahi. Usajili unaanza saa ileile. Uwanja ulibaki mtupu kwa robo saa, maana kila mtu alikimbilia mlango wa mwenzake kabla mwenzake hajaukimbilia wake. Bi Sikudhani alishuka jukwaani bila kushikwa mkono. Bendi ilikuwa ikifunga ngoma zake.

Sasa sikieni jinsi nchi hiyo ilivyokuwa baada ya hapo. Kutwa nzima nusu ya wananchi walikuwa barabarani wakibisha hodi, na nusu nyingine walikuwa nyuma ya milango wakisema tumeshajiunga. Baada ya chakula cha mchana walibadilishana. Milango iliyokuwa ya mbao ikawekwa chuma. Neno karibu, ambalo zamani lilitoka kwa mtu kabla hajajua nani amebisha, likawa halisikiki ila kwenye mabango ya Wizara.

Kwa Bi Sikudhani hakubisha mtu. Kila mmoja alijua kuwa yeye ni Msingi, na chini ya msingi hakuna kitu, kwa hiyo hana wa kumleta. Manispaa ilichukua viti vyake. Jumatatu alimwona Bi Chausiku akipita na begi, akamwita. Bi Chausiku aliinua mkono bila kusimama, akasema ana watu saba wa kuwawahi. Alhamisi Bi Sikudhani alipika wali na kunde, akaupakua, akaufunika. Alikaa kando yake mpaka wali ulipopoa. Alhamisi ya pili alipika kidogo. Ya tatu alijiambia kwamba Mbaraka ni mtu wa Dhahabu, ana majukumu, na mama mzima huyu ana miguu, kwa nini angojee kama mwali. Kanuni hazikumkataza mwanachama kwenda kwa mwanachama. Alikuwa amesema ndiyo kwa ajili hiyo, na hakuna jingine lililompandisha jukwaani.

Akavaa, akafunika bakuli kwa kawa, akatembea mitaa mitatu kwa mguu saa tano za mchana. Njiani milango ilifungwa alipoikaribia na kufunguliwa alipoipita.

Nyumba ya Mbaraka ilikuwa na mlango mpya wa chuma. Ndani alisikia mtu akikohoa, akakitambua kikohozi hicho. Ndicho alichokiuguza kwa asali na limau miaka mingi, kila masika.

“Hodi,” alisema.

Kikohozi kikakoma.

“Hodi humu ndani.”

Ndara ziliburuzwa mpaka karibu na mlango, zikasimama.

“Nani?”

“Mimi.”

“Umekuja na nani?”

“Nimekuja peke yangu.”

“Umebeba nini?”

“Chakula,” alisema Bi Sikudhani. “Wali na kunde. Bado wa moto.”

Ndani kukawa na mnong'ono. Ilikuwa sauti ya Zuhura, mkewe Mbaraka, na mlango wa chuma haukuizuia. “Ndivyo wanavyoanza,” alikuwa akisema. “Ukurasa wa tatu. Wanaanza na chakula.”

“Sikuja kwa hayo, mwanangu,” alisema Bi Sikudhani kwa nguvu kidogo. “Sina fomu. Nimekuja kukuona tu.”

Alisikia karatasi zikifunuliwa upesi upesi, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ukurasa ambao aliwahi kuuona na sasa haupati. Baadaye zikaacha kufunuliwa. Mbaraka alikuwa amesogea karibu kabisa, pumzi zake zilisikika kwenye tundu la ufunguo.

“Mbaraka, ni mimi mama yako.”

“Najua ni wewe, Mama,” alisema Mbaraka, taratibu, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. “Sisi tumeshajiunga.”

Bi Sikudhani alisimama pale juani. Bakuli lilikuwa likimchoma kiganja. Akalihamishia mkono wa kushoto, akabisha tena.